Nundu: "Mtoto anaambiwa anawe mikono, lakini maji iko wapi?"

Ukipita asubuhi kwenye barabara kubwa inayotoka Uvira kwenda Baraka, utaona wanafunzi wako na daftari mkono mmoja na bidoni mkono mwingine. Wanashuka ziwani kwanza, kisha ndipo wanaingia darasani. Maji hayo ndiyo ya kunyunyizia vumbi la darasa, ya kusafisha choo, na mtoto akisikia kiu anakunywa hayo hayo. Saa inayofuata mwalimu anaandika ubaoni: tunawe mikono kwa maji safi na sabuni.

Hapo ndipo tunapata shida ya afya ya shule zetu. Somo liko, lakini maji safi hakuna.

Wote tunajua kwamba zoni ya afya ya Nundu, pamoja na Uvira na Fizi, ni kati ya zoni ambazo kipindupindu hakiishi. Tangu miaka ya 1970 ugonjwa huu unazunguka kando ya Ziwa Tanganyika: unatulia kidogo, kiisha unarudi. Vijidudu vyake vinatoka katika choo cha mtu, vinaingia katika maji, na maji yanavirudisha mdomoni. Mtu anaweza kuanza kuhara baada ya saa chache tu, ama hadi siku 5. Tena, wengi wanaovibeba hawaugui kabisa au wanaharisha kidogo tu, lakini wanaendelea kuvitoa chooni siku kadhaa. Kwa hiyo mtoto anayecheza vizuri uwanjani anaweza kuambukiza wenzake na mwalimu wake bila mtu kujua. Mwalimu akilala kitandani, darasa zima linarudi nyumbani.

Tufanye hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema shule ya kutwa inahitaji lita 5 za maji kwa kila mtu kila siku, na choo 1 kwa wasichana 25. Kwa wavulana choo 1 kwa 50, pamoja na mahali pa kukojolea. Chukua shule ya wanafunzi 400, nusu wasichana, nusu wavulana. Inahitaji lita 2,000 kwa siku, ndiyo bidoni 100 za lita 20. Inahitaji vyoo 8 vya wasichana na 4 vya wavulana, bila kuhesabu vya walimu. Ni shule ngapi za kwetu ziko navyo? Na ni mtoto gani wa darasa la tatu ataweza kubeba hizo bidoni?

Sasa nani analipa? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure na ya lazima. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza jambo hilo, na watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani juu ya pesa waliingia masomo. Ni jambo zuri, hatuombi lirudishwe nyuma. Lakini watoto waliongezeka, vyoo vikabaki vile vile. Zamani sabuni na fagio vilikuwa vinatoka katika pesa ya wazazi. Leo direkta akiomba hata franka 500 za sabuni, anaogopa kuambiwa anavunja sheria. Mzazi anasema ni kazi ya serikali. Watu wa afya wanafika na klorini wakati wagonjwa wameisha kuwa wengi, na ugonjwa ukitulia wanaondoka nayo.

Wengine wanasema tungojee chanjo. Chanjo ya kunywa inasaidia, lakini haitoshi duniani: tangu Oktoba 2022 kampeni za dharura zinatoa dozi 1 mahali pa 2 juu ya upungufu. Na kinga yake inapungua kadiri muda unavyopita. Maji na choo ndivyo vinavyobaki.

Kuna njia iliyo karibu. Shule nyingi ziko na mabati. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mabati ya mita za mraba 100, inatoa karibu lita 1,000. Mfereji na tanki lenye kifuniko vinatosha kupunguza safari za ziwani wakati wa mvua, lakini maji ya kunywa lazima yatiwe klorini au yachemshwe. Mafundi wako hapa, wazazi wanaweza kutoa mchanga na mikono. Serikali na mashirika walete tanki mbele ya ugonjwa, si nyuma yake.

Kwa hiyo mzazi, kwenye mkutano ujao wa komite ya wazazi, uliza mambo matatu: maji ya shule yanatoka wapi, nani anatia dawa kila siku, na vyoo ni vingapi?

Na mtoto akianza kuhara maji maji kama maji ya mchele, usingojee jioni. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kurundika. Mpe kidogo kidogo, huku mkienda kwenye kituo cha afya.