Fizikia ya Mpemba na Adabu ya Kusikiliza

Mtu atokaye Misima katika Handeni, akapita Korogwe, akafika Mombo na kuipanda barabara ya mlima iendayo Soni na Lushoto, huliacha joto la nyanda za chini nyuma yake na kuingia katika baridi ya Usambara. Huko juu, kupita Lushoto, iko Magamba. Na katika shule ya sekondari ya Magamba, mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba aliuliza swali dogo juu ya maziwa ya moto. Swali lile limezunguka dunia, na jambo lililoulizwa sasa huitwa kwa jina lake katika vitabu vya wataalamu. Lakini makala hii haikukusudiwa kumsifu Mpemba. Sifa anazo za kutosha. Imekusudiwa kuwashtaki wasikilizaji wake, wa zamani na wa sasa, kwa maana wengi wao, waliomcheka na wanaomsifu, wametenda kosa moja.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayatia katika jokofu. Nafasi katika jokofu zilikuwa chache na watengenezaji wengi. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuhofia kukosa nafasi, aliyatia maziwa yake bila ya kuyachemsha; na Mpemba, kwa hofu hiyo hiyo, aliyatia yake yangali moto, ijapokuwa alijua kwamba huenda akaliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda; ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu wa fizikia sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na kwamba jambo hilo haliwezi kutokea. Akalikubali jibu kama mwanafunzi mtiifu. Baadaye, wakati wa likizo, rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba yeye hutia mchanganyiko wa moto makusudi, ili ugande upesi.

Tazama basi mahali ujuzi ule ulipokuwa umekaa. Mchuuzi wa Tanga aliutumia kila siku kwa kujipatia riziki, na darasani ulitangazwa kuwa ni muhali. Mchuuzi hakuwa na kanuni, lakini alikuwa na jokofu. Mwalimu alikuwa na kanuni, na jokofu la shule lilikuwa karibu naye vile vile. Hakwenda kulifungua.

Mpemba alipofaulu na kwenda shule ya Mkwawa, Iringa, alisomeshwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, akaliuliza swali lake mara ya pili. Safari hii jibu lilikuwa kali zaidi. Aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia yake Mpemba, si fizikia ya walimwengu. Tangu siku ile, kila alipokosea hesabu, kosa liliitwa hesabu ya Mpemba, na darasa zima likaushika msemo huo na kuufanya wimbo.

Haki na itendeke kwa mwalimu yule. Hakuwa mjinga, na hoja yake ilikuwa na mguu wa kusimamia. Maji ya moto, ili yagande, hayana budi kuipitia hali ya uvuguvugu ambayo maji baridi yalianza nayo. Na wakati yanapoifikia, maji baridi yamekwisha tangulia. Ikiwa kitu pekee kinachotofautisha vyombo viwili ni kadiri ya joto, hoja hiyo haina jibu. Lakini nani aliyesema kwamba ni joto tu? Maji ya moto hutoa mvuke na kupungua. Yakichemshwa hupoteza hewa iliyomo. Huzunguka ndani ya chombo, ya juu yakishuka na ya chini yakipanda, kwa namna isiyo sawa na ya maji yaliyotulia. Chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake, kikagusana vema na ubaridi. Na maji mengine huweza kupoa kupita kiwango cha kuganda na bado yasigande. Haya yote yaweza kuwamo, na kanuni iliyotajwa darasani haikuyasemea hata moja. Kosa la mwalimu halikuwa kuiamini kanuni. Kosa lake lilikuwa kuitumia kanuni kama komeo la mlango, kisha kulikabidhi komeo hilo kwa watoto wapigie wenzao.

Yasemwayo kwamba jambo lile lilikuwa la Mpemba peke yake yalikuwa uongo hata kwa tarehe. Aristotle, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alitaja watu waliokuwa wakianika maji juani kwanza walipotaka yapoe upesi. Francis Bacon aliligusa jambo hilo mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Hao ni watu ambao vyuo huapa kwa majina yao. Mtoto wa Magamba alikuwa amesimama pamoja nao bila ya kujua, na waliomcheka hawakujua pia. Ila yeye aliuliza, na wao walicheka.

Ndipo akaja Mkwawa Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba alisimama akauliza: vyombo viwili sawa, maji kiasi kimoja, kimoja digrii 35 na kingine digrii 100, vikitiwa katika jokofu, kilichoanza na digrii 100 huganda kwanza; kwa nini? Wenzake waliona haya, wakadhani amekusudia kumfedhehesha mgeni. Osborne alitabasamu, akataka swali lirudiwe, kisha akauliza kama muulizaji amelijaribu jambo hilo kwa mikono yake. Alipojibiwa kwamba ndiyo, alikiri kwamba hajui sababu, akaahidi kwamba atalijaribu arudipo Dar es Salaam. Alirudi, akamwagiza fundi wa maabara. Fundi alileta habari kwamba kweli maji ya moto yalitangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa!

Msomaji anaweza kucheka hapo, lakini acheke kwa hadhari. Fundi yule ndiye kila mtu aliyesoma. Amekwisha kujua jibu kabla ya kupima, na kipimo kikimkatalia, hukilaumu kipimo. Tofauti ya Osborne na wengine haikuwa wingi wa elimu, maana naye aliona jambo hilo ni la ajabu. Tofauti ilikuwa kwamba alimwuliza kijana kama amejaribu, kisha naye akajaribu. Mwaka 1969 makala yao wawili ilitoka katika jarida la Kiingereza la wasomeshaji wa fizikia, jina la Mpemba likitangulia, naye wakati huo akiwa mwanafunzi wa elimu ya wanyama wa porini katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Mwaka huo huo mtaalamu wa Kanada, G. S. Kell, aliandika juu ya jambo hilo hilo, ambalo kwao lilikuwa likisemwa na watu wa kawaida.

Yako maneno ya kutetea walioikataa fizikia ya Mpemba, nayo yafaa yasikizwe. Husemwa kwamba mwalimu ana darasa kubwa, ana muhtasari wa kumaliza na mtihani unaongoja. Hawezi kupima kila neno litokalo kinywani mwa mtoto. Ni kweli. Lakini hakuna aliyemtaka apime kila neno. Kusema "sijui" kunachukua muda ule ule wa kusema "haiwezekani". Kuliandika swali ukutani likangoja siku yake hakuhitaji shilingi. Na katika jambo hili kipimo chenyewe kilikuwa vikombe viwili vya maji na subira ya saa mbili. Walioshindwa kuutoa muda huo waliupata muda wa kejeli, na kejeli ile ilidumu kuliko saa mbili.

Lakini limetokea kundi la pili, nalo halina ubora juu ya la kwanza. Ni la wale wanaolitaja jina la Mpemba kama ngoma ya taifa, wasiotaka kusikia neno la kulitilia shaka. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kuieleza sababu ya jambo hilo, na maelezo zaidi ya 22,000 yaliletwa. Wingi huo wenyewe ni dalili kwamba sababu moja iliyokubaliwa haikuwapo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa mpaka digrii 0 upesi kuliko ya baridi. Na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita 1 tu kwatosha kuleta matokeo ya kudanganya. Wengine wakawajibu kwamba kupoa mpaka digrii 0 si kuganda. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walionyesha, kwa punje ndogo mno ndani ya maji, kwamba kitu kilichoanza mbali na utulivu huweza kuufikia utulivu kabla ya kile kilichoanza karibu. Mjadala unaendelea.

Mzalendo wa kweli afanyeje mbele ya habari za mwaka 2016? Awaite watu wale mahasidi? La hasha. Hao ndio waliomheshimu Mpemba kupita wanaompigia vigelegele, maana walimfanyia lile alilolitaka darasani akalikosa: walichukua maji, wakayapima. Mwenye kuikubali fizikia ya Mpemba kwa sababu Mpemba ni Mtanzania, na mwenye kuikataa kwa sababu Mpemba alikuwa mtoto wa shule, wote wawili wametazama uso wa msemaji na kuacha maneno yake. Hilo ndilo kosa moja lililotajwa mwanzo.

Liko na kundi la tatu, la watu wenye nadharia zao za ajabu, walioipindua fizikia yote kwa kalamu, na kila wakiulizwa ushahidi hujibu kwamba hata Mpemba alichekwa. Jibu hilo ni udanganyifu. Kuchekwa si hoja. Wengi huchekwa kwa haki. Mpemba hakuja na kitabu cha kuiangusha kanuni ya Newton. Alikuja na vyombo viwili, kiasi cha maji na digrii mbili, na kila mwenye jokofu aliweza kumsuta. Mtu wa nje ya chuo anayesema "jaribuni" anastahili kiti. Anayesema "niaminini" na angoje nje, awe hana shahada au awe nazo tatu.

Wasomaji wa fasihi wasidhani kwamba shtaka hili ni la wanafizikia peke yao. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, walikuwapo wenye elimu ya ushairi waliosema kwamba tungo zisizo na vina na mizani si mashairi. Hoja zao zilikuwa na uzito, kama ilivyokuwa na uzito kanuni ya Newton. Lakini ni wangapi waliozisoma tungo zile kwa sauti, kwa subira, kabla ya kuhukumu? Na leo, ni wangapi wanaozisifu kwa kuwa kuzisifu kumekuwa alama ya usomi? Kejeli na sifa za kukariri ni watoto wa mama mmoja.

Basi turejee chini ya mlima, Misima. Tuseme yupo huko leo mtoto aliyeona jambo jikoni kwa mama yake au shambani kwa babu yake, jambo lisiloafikiana na kitabu. Yamkini amekosea, watoto hukosea, na wazee pia. Kesho atainua mkono. Mwalimu wake huenda amesomeshwa na mmoja wa wasomaji wa ukurasa huu, naye atajibu kwa namna aliyojifunza kwao. Akijibu kwa kicheko, mtoto atanyamaza, na hakuna Dakta Osborne aliyewekwa akiba kwa kila shule. Akijibu "umejaribu? Hebu tujaribu", basi hata mtoto akionekana amekosea, atakuwa amejifunza fizikia siku hiyo. Wale waliocheka Mkwawa hawakujifunza kitu, ijapokuwa kitabu kilikuwa mikononi mwao.