Mimi Ndiye Nilimkata Janet Mondlane Kwa Picha

Kabla sijarushia mtu mawe, wacha nianze na langu.

Tarehe 3 Februari niliweka video ya dakika tatu kuhusu Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, yule aliyeuawa Dar es Salaam siku kama hiyo mwaka wa 1969. Nilikuwa nimepata picha moja poa sana: Mondlane amevaa suti, anacheka, na kando yake kuna mwanamke mzungu. Nikamkata yule mwanamke. Sekunde mbili, kidole kimoja, kwisha. Nilijiambia wasee wakiona mzungu kwa picha ya mbele watadhani hii ni video ya wamishonari na watapita tu.

Video ikaenda vizuri. Halafu mtu mmoja kwa komenti akauliza, "Bega la nani hilo?" Kumbe sikukata vizuri, bega lilibaki. Nikamjibu haraka, "Ni bibi yake tu."

Hiyo "tu" ndiyo imenileta hapa leo. Maana baada ya hapo nilienda kusoma ni bega la nani, na vile nilisoma ndivyo niliona aibu. Na sikuona aibu peke yangu, niliwaonea aibu nyinyi pia, kwa sababu laiki zilizopewa lile jibu langu la kijinga zilikuwa nyingi kuliko za swali lenyewe.

Sikieni. Jina lake ni Janet Rae Johnson, msichana wa Illinois, Marekani, mtoto wa familia ya kawaida ya kizungu inayoenda kanisa. Mwaka wa 1951, akiwa bado tineja, alienda kambi ya kanisa huko Wisconsin na akamskiliza Mwafrika mmoja akizungumza kuhusu Afrika. Huyo Mwafrika alikuwa Mondlane, aliyekuwa amefukuzwa na serikali ya Afrika Kusini kutoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka wa 1949, akapitia Lisbon, na sasa anasoma Marekani. Walioana mwaka wa 1956. Kama unafikiri hiyo ilikuwa harusi ya kuposti na maua, kumbuka kwamba wakati huo majimbo mengi ya Marekani bado yalikuwa na sheria ya kuharamisha ndoa ya mweusi na mweupe, na Mahakama ya Juu ilikuja kuzifuta 1967. Nyumbani kwao hawakushangilia. Kwa hivyo mnaoandika ati "aliomoka kwa kuolewa na rais", aliolewa na mwanafunzi asiye na nchi.

Hapo sitakaa sana. Mapenzi ni yao. Kile kinaniuma mimi ni kazi.

FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na Mondlane akachaguliwa kuiongoza. Mwaka uliofuata familia ikahamia Dar. Wakati huo vijana wa Msumbiji walikuwa wanavuka mto Ruvuma wakikimbia Wareno, wengi wao hawajasoma chochote, na hawana mahali pa kwenda. Janet akaanzisha Taasisi ya Msumbiji, yaani shule ya sekondari ya bweni kwa hao vijana, huko Kurasini. Yeye ndiye alikuwa mkurugenzi. Hakuwa mlezi wa heshima wala mke wa kukata utepe na kurudi kwa gari. Mkurugenzi, mtu wa kutafuta unga, vitanda, walimu, dawa na mishahara.

Pesa za kwanza zilitoka Ford Foundation ya Marekani. Ureno ikalalamika, kwa sababu Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, na Marekani haikutaka kumuudhi rafiki. Mfuko ukafungwa. Hebu fikiria hapo: una mabweni yamejaa watoto wa wakimbizi, na nchi uliyozaliwa imekugeuzia mgongo kwa ajili ya mkoloni. Janet alifunga safari akaenda kubisha milango nchi za Skandinavia na kwa makanisa. Sweden ikaanza kusaidia. Ule msaada ambao Wasweden wanasifiwa nao hadi leo, wa kusimama na vyama vya ukombozi wakati nchi nyingine za Magharibi zilikuwa zinauzia Ureno silaha, ulipitia mlango ambao huyu mwanamke aliugonga mpaka ukafunguka. Wanaume walikuwa na bunduki tangu 25 Septemba 1964, vita ilipoanza huko Chai. Lakini mwanajeshi aliyejeruhiwa anapelekwa wapi? Mtoto wake anasoma wapi? Taasisi ilikua ikawa zaidi ya shule moja. Kulikuwa na shule Tunduru na Bagamoyo, na hospitali Mtwara iliyopewa jina la daktari Américo Boavida wa Angola. Nani alikuwa anaandika zile barua za kuomba pesa? Bega.

Na hebu niulize, mnamjua Josina Machel? Mnamjua, najua, nimewaona mkiposti picha yake na bunduki kila tarehe 7 Aprili, ile siku Msumbiji inaadhimisha wanawake wake. Josina alipofika Dar akiwa msichana mdogo aliyetoroka polisi wa Wareno, kazi yake ya kwanza ilikuwa msaidizi wa Janet pale kwa Taasisi. Haimaanishi Janet ndiye alimtengeneza Josina, msinipige. Josina alikuja akiwa ameiva tayari. Nasema walikaa ofisi moja, wakabeba mzigo mmoja, na leo mmoja ana mabango na mwingine amekatwa kwa picha na kijana wa Nairobi mwenye simu ya kulipa kidogo kidogo.

Sasa tukuje kwa ile hoja mnayopenda, ya "mzungu mwokozi".

Hiyo hoja naielewa, na mara nyingi mimi mwenyewe ndiye naipiga. Tumewaona wale wa kuja wiki mbili, kubeba mtoto mweusi, kupiga picha na kurudi kuchangisha pesa ambazo hazirudi. Wale wana shida na nitaendelea kuwasema. Lakini neno zuri likitumika kwa kila mtu linakuwa rungu la kivivu. Na kwa Janet, hoja hii si mpya hata kidogo. Alipigwa nayo mwaka wa 1968, uso kwa uso, na watu waliokuwa wanakula kwa shule yake.

Ilikuwa hivi. Ndani ya FRELIMO kulikuwa na vita vya maneno. Kundi moja lilisema adui ni mfumo wa ukoloni, na mtu wa rangi yoyote anayeupinga ni wetu. Lingine likasema adui ni mzungu, basi. Padri mmoja wa Kikatoliki, Mateus Gwenjere, akawa anawachochea wanafunzi wa Kurasini. Wanafunzi hawakutaka walimu wazungu. Pia hawakutaka kuambiwa warudi kusaidia kwa vita baada ya masomo, walitaka skolashipu za ng'ambo. Ona vile hayo mawili yalikuja yameshikana mikono. Machi 1968 kukatokea vurugu shuleni na Taasisi ikafungwa. Walimu wazungu waliotoka Msumbiji, ambao walikuwa wametoroka kwao kujiunga na vita dhidi ya Wareno wenzao, wakaondolewa Tanzania. Uvumi ukazunguka Dar kwamba Mondlane ni mtu wa Wamarekani, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa nani? Bibi yake, angalia rangi yake!

Kwa Wamarekani alikuwa msaliti anayefadhili waasi. Kwa Wareno alikuwa mke wa gaidi. Kwa nusu ya chama cha mume wake alikuwa jasusi. Ukisoma komenti zenu za mwezi jana, unaona mmechukua mstari wa Gwenjere bila hata kujua Gwenjere ni nani.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya 3 Februari, Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu kilichotumwa kwake kwa posta. Ndani kulikuwa na bomu. Alikuwa na miaka 48.

Mimi nasimama hapa kila wakati. Janet amebaki mjane wa miaka thelathini na kitu, watoto watatu, kwa mji ambao watu wameandika kwamba rangi yake ni tatizo. Ndoa iliyomleta imeisha. Pasipoti ya Marekani iko. Hakuna mtu duniani angemlaumu akipanda ndege. Kama alikuwa "bibi yake tu", hii ndiyo siku ya kuthibitisha, si ndiyo? Kazi ya bibi imeisha.

Hakupanda. Aliendelea na Taasisi mpaka uhuru ulipokuja tarehe 25 Juni 1975, kisha akaenda kuishi Msumbiji na kufanya kazi huko. Hata hapo hangelaumiwa akikaa kwa kiti cha mbele kwa sherehe, mjane wa shujaa, anapungiwa mkono mara moja kwa mwaka. Akaingia kwa kazi za ustawi wa jamii. Akawa katibu mkuu wa Msalaba Mwekundu wa Msumbiji, na hiyo haikuwa ofisi ya kupumzika, kwa sababu nchi iliingia kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha tu 1992, na juu yake ukame na njaa. Halafu serikali ilipounda Baraza la Taifa la kupambana na Ukimwi mwaka wa 2000, aliyepewa ukatibu mtendaji ni yeye, mama aliyekuwa amefikia umri ambao wengi wanalea wajukuu. Hesabu mwenyewe kutoka 1969. Hiyo ni zaidi ya miaka thelathini ya kazi bila mume wa kusingiziwa.

Sisemi ni malaika. Jina la Mondlane lina uzito Msumbiji, na familia imenufaika nalo. Binti yake Nyeleti amekuwa waziri. FRELIMO nayo imekaa madarakani tangu 1975, na vijana wa umri wetu kule Maputo wana mambo mazito ya kuiambia. Mtu akitaka kumhoji Janet kuhusu hilo, amhoji. Hiyo ni heshima. Unamhoji mtu aliyefanya kitu. Mke wa mtu "tu" hahojiwi, anakatwa kwa picha.

Hata wanaompenda wanateleza hapa. Kitabu cha maisha yake, cha Nadja Manghezi, kilitoka 1999 na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Moyo wangu uko mikononi mwa mtu mweusi". Ni jina tamu. Lakini mimi ningetaka kusikia mikono yake yeye ilikuwa wapi.

Na kabla mniambie "lakini hakuzaliwa Afrika", wacha niwapeleke Kwale. Pale kuna Wamakonde, wazee wao walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge kwa mashamba ya Wazungu. Wakazaa hapa, watoto wakazaa hapa, wajukuu wakazaa hapa, na bado kwa miaka mingi Kenya iliwanyima kitambulisho, ati ni wageni. Ilibidi wafunge safari kuja Nairobi mwaka wa 2016 ndiyo watambuliwe. Sisi wenyewe tumewaambia watu waliozaliwa hapa kwamba hawajazaliwa hapa. Kwa hivyo mahali pa kuzaliwa si kipimo tunachokiheshimu hata sisi, tunakitoa mfukoni tu tukitaka kumfungia mtu mlango. Ndiyo, Janet alikuwa na pasipoti ya nchi kubwa na Mmakonde wa Kwale hakuwa na karatasi yoyote, hiyo tofauti ni kubwa na siifichi. Lakini swali tunalowauliza ni lile lile la kivivu: wewe ni wa nani?

Kwenye habari zetu hapa ni hivyo hivyo. Mwanamke anaendesha kliniki miaka ishirini, akifa kichwa cha habari ni "Mke wa aliyekuwa mbunge afariki". Shangazi zenu wamefanyiwa hivyo kwa matangazo ya vifo, nendeni mkaangalie.

Nimefuta ile video. Nitaiweka tena Ijumaa, na picha nzima, wawili, mabega yote. Najua itapata watazamaji wachache na najua kuna watu watakuja na yale yale. Wewe uliyeuliza "bega la nani hilo", kama bado uko hapa, nitumie ujumbe. Nilikujibu vibaya.