Siri ya Ndege Isiyoonekana



Tangu mwezi wa Juni 2025, zilipotangazwa habari za ndege saba za Kimarekani ziitwazo B-2, zilizoruka kutoka jimbo la Missouri zikaenda kupiga mitambo ya nyuklia ya Iran na kurudi kwao bila kutua, safari ya saa 37 hivi, mazungumzo ya mabwenini hayajaisha. Wako wanaosema kwamba ndege hizo hazionekani kabisa, wala kwa macho wala kwa mtambo. Wako waliokwenda mbele zaidi wakasema kwamba, maadamu wakubwa wa dunia wanazo silaha za siri namna hiyo, mtoto wa Tanzania anayejitesa na Fizikia anajisumbua bure, maana siri yenyewe hataipata kamwe. Maneno haya ya pili ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Kwa maoni yangu yana hatari kwetu kuliko ndege zenyewe.

Kwanza tuitazame hiyo siri. Rada ni mtambo unaopeleka mawimbi ya redio angani na kungojea mwangwi wake. Kila aliyechunga mbuzi katika Ugogo anaujua mwangwi: ukisimama mbele ya jabali lililo wima ukapiga ukelele, sauti hukurudia; lakini jabali likiwa limelala upande, sauti yako hupotelea kwingine. Popo wengi nao hutafuta njia usiku kwa mwangwi. Basi waundaji wa B-2 walifanya mambo matatu. Waliipa umbo la bawa moja pana, lisilo na mkia, ili mawimbi yanapoigonga yaruke upande mwingine yasirudi yalikotoka. Waliivika ngozi na rangi zinazomeza mawimbi, kama godoro linavyomeza kishindo. Tena waliziingiza injini ndani ya bawa na kuupoza moshi wake, ili joto lake lisitambulike upesi.

Kwa hiyo si kweli kwamba haionekani. Ikipita mchana juu ya Dodoma, chini ya mawingu, tungeiona kama tunavyomwona mwewe. Kilichopunguzwa hasa ni mwangwi wake. Wala haina mbio za ajabu, kwani haiishindi sauti. Tena haiendi vitani peke yake: katika shambulio lile la Iran zilishiriki ndege zaidi ya 125, zikiwamo za kuongezea mafuta na za ulinzi, na B-2 nyingine zilitumwa upande wa magharibi ili kuwahadaa waliokuwa wakitazama.

Sasa, maarifa hayo yalitoka wapi? Jambo hili wenzangu wengi hawalijui. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kirusi, Pyotr Ufimtsev, alichapisha huko Moscow kitabu cha hesabu kueleza jinsi mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za kitu. Kitabu hicho hakikuwa siri. Wamarekani walikitafsiri mwaka 1971, na baadaye mtaalamu wao mmoja wa kampuni ya Lockheed, Denys Overholser, alikisoma akaona kwamba kwa hesabu zile ataweza kukadiria mwangwi wa ndege kabla haijaundwa. Ndivyo ilivyopatikana F-117, ndege ya kwanza ya vita ya namna hii, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981 na kufichwa hata mwaka 1988. Warusi walikuwa na kitabu, lakini faida ya kwanza aliipata msomaji wa mbali aliyekifungua kwa bidii.

Na siri hiyo haikudumu. Usiku wa tarehe 27 Machi 1999, katika vita vya Yugoslavia, F-117 moja iliangushwa karibu na Belgrade. Walioiangusha hawakuwa na silaha mpya. Walitumia kombora la Kirusi ambalo asili yake ni miaka ya 1960, pamoja na rada ya zamani ya mawimbi marefu. Walifahamu kwamba umbo lile limefanywa kuyakwepa zaidi mawimbi mafupi, na kwamba mawimbi marefu huweza kurudisha mwangwi. Fizikia iliyoificha ndege ndiyo hiyo iliyoifichua.

Huenda msomaji akauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi tulio katikati ya Tanzania? Yatuhusu sana. Tarehe 29 Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, Libya ilituma ndege kubwa ya Tupolev, iliyoundwa na Warusi, kuupiga mji wa Mwanza ili kuitisha Tanzania iache vita. Ndege hiyo ilikuwa na mbio kupita sauti. Lakini mabomu yake yalikosa shabaha, yakaanguka kisiwani Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Jeshi letu halikurudi nyuma, na mwezi uliofuata Kampala ilitekwa. Msidhani kwamba makosa kama hayo ni ya zamani tu. Tarehe 7 Mei 1999 B-2 iliupiga ubalozi wa China mjini Belgrade, wakafa watu watatu. Wamarekani walieleza kwamba jengo lililokusudiwa lilikuwa jingine na kwamba ramani zao zilikosea. China haikuyakubali maelezo hayo. Na mwaka 2008 B-2 nyingine ilianguka kisiwani Guam ilipokuwa ikiruka, kwa sababu unyevu uliingia katika vipimo vyake vya hewa, vikatoa hesabu za uongo. Eropleni ni werevu wa wale wanaoipa hesabu. Ikipewa hesabu mbaya, itafanya mabaya.

Siri ina jambo jingine la kuangaliwa. Humficha mtu kwa adui, lakini pia humficha kwa mwenye mali. B-2 zilikusudiwa kuwa 132. Gharama zake zilifichwa kwa miaka. Zilipojulikana, na vita baridi ilipokwisha, zikaundwa 21 tu, kila moja kwa dola bilioni 2 hivi, ukihesabu na gharama za utafiti. Nasi tunayo habari yetu. Miaka ya mwanzo ya 2000 Tanzania ilinunua kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza rada ya kuongozea ndege, kwa pauni milioni 28, ingawa Benki ya Dunia na wengine walisema bei ni kubwa mno kwetu. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutoweka hesabu sahihi za malipo yahusuyo biashara ile, na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako watakaosema kwamba nchi lazima iwe na siri zake za ulinzi. Naam, nakubali. Hakuna jeshi linalotangaza mipango yake sokoni. Lakini ni nani atakayezilinda siri hizo, atakayeitengeneza rada ikiharibika, atakayeijua bei ya haki kabla mkataba haujatiwa sahihi? Si mtu mwingine ila yule aliyesoma. Nchi isiyo na watu wa namna hiyo hufichwa mambo na kila muuzaji, hata kama hana ndege ya siri.

Ndiyo maana nahuzunika nionapo wengi wa wadogo zetu wakilikimbia somo la Fizikia mara wapatapo nafasi, kwa kuambiwa na wakubwa wao kwamba ni gumu na halina faida. Mimi sisemi kila mtu awe mhandisi, wala sitamani nchi yetu iunde ndege za kuangamiza watu. Mawimbi yale yale huongoza ndege ya abiria kutua salama katika vumbi la Dodoma, huonyesha mvua inayokuja, na hupeleka sauti ya redio mpaka Mpwapwa na Kondoa. Mkulima wa mtama wa nchi hii kavu anahitaji habari ya mvua kuliko anavyohitaji bomu.

Basi natoa shauri kwa wenzangu. Wa Kidato cha Pili, kabla hamjaamua kuliacha somo hili, njoni kwanza mwone majaribio ya mawimbi na ya mwangwi. Hayahitaji vyombo vya ghali, yatosha beseni la maji, kamba na ukuta wa bwalo. Wa Kidato cha Nne tumebakiwa na miezi michache hapa shuleni, na tulichojifunza tusiondoke nacho. Mwalimu wetu amekwisha turuhusu kutumia maabara kila Jumamosi baada ya usafi. Wenye kupenda na waje.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne