Hesabu inaipa Yanga pointi 90.2, ligi ina 90 tu

KURASINI ni jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa, na vijiwe vya huku havihitaji kuambiwa nani anapanda. Yanga ilibeba ubingwa na pointi 74 msimu wa 2021/22, ikafikisha 78 uliofuata, 80 msimu wa 2023/24 na 82 msimu wa 2024/25. Makombe manne mfululizo. Swali ni moja: itaishia wapi?

Ziingize namba hizo nne kwenye kikokotoo cha grafu, au programu ya aina hiyo kwenye simu. Msimu wa kwanza uite 1, wa mwisho 4. Zitatokea nukta nne, kisha kikokotoo kitachora mstari unaozikaribia zote.

Mstari ulionyooka unasema Yanga inaongeza wastani wa pointi 2.6 kila msimu. Mwananchi anaanza kutamba. Lakini ufuate mpaka msimu wa saba, 2027/28: pointi 90.2! Ligi ya timu 16 ina mechi 30, yaani pointi 90 tu. Hata ukishinda zote, hufiki huko.

Haya, chora mstari uliopinda mara moja. Huu unazikaribia nukta zaidi ya ule wa kwanza, unafika 82.5 msimu wa tano, halafu unashuka mpaka 80.7 msimu wa saba. Hapo Mnyama anacheka. Uliopinda mara mbili unapita juu ya nukta zote nne bila kukosa hata moja, kisha unaipa Yanga pointi 94 msimu wa sita. Namba zile zile, majibu matatu.

Kwa hiyo mstari kupita juu ya kila nukta si kuijua kesho. Nukta nne ni chache mno. Bora uulize pointi zilitoka wapi.

Msimu wa 2021/22 Yanga haikufungwa, ila ilitoka sare nane. Misimu iliyofuata sare zikawa tatu, mbili, kisha moja. Vipigo vikabaki viwili kila msimu. Maana yake Yanga imepanda kwa kugeuza sare kuwa ushindi, na sasa sare imebaki moja. Ikiigeuza nayo, inafika 84. Zaidi ya hapo lazima ipunguze vipigo, kazi ambayo haijaifanya misimu mitatu.

Simba nao wana la kujifunza. Pointi 78 zilizowapa Yanga ubingwa 2022/23, Simba walizipata 2024/25 wakaishia nafasi ya pili.

Tena kikokotoo hakimjui mpinzani. Juni 25, 2025, watani waliingia Mkapa Yanga ikiwa na pointi 79, Simba 78. Yanga ikashinda 2-0. Simba wangeshinda, kombe lingekwenda Msimbazi kwa pointi 81, na nukta ya nne ya Yanga ingekuwa 79, chini ya 80 za msimu uliotangulia. Ile 2.6 ingeshuka mpaka 1.7, na leo Kurasini wasingekuwa wanabishana Yanga itapanda mpaka wapi. Wangekuwa wanauliza imeanza kushuka lini. Yote hayo kwa mechi moja tu.