Zege Zuri, Mabasi Machache

Dar es Salaam ilipotunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, ilistahiki. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalikuwa na njia yao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, na daladala nyingi zikaondolewa barabara ya Morogoro. Hapo ndipo penye uzito: aliyeondolewa daladala hana pa kukimbilia basi lisipofika. Mabasi yakipungua, mama mwenye mtoto mgongoni na mzee wa mkongojo ndio wa mwanzo kusukumwa mlangoni. Mwenye gari lake hana habari. Zege ni zuri, hatukatai. Lakini serikali ipime sera hii kwa dakika anazosubiri mama huyo kituoni jioni, na hesabu hiyo itangazwe kila mwezi.