Mbwembwe nyingi, kifo hakuna

Ukungu umeshuka toka Magamba tangu asubuhi, vidole vimeganda, kusoma hakusomeki. Basi jana usiku tulijazana watano chumbani kwa jamaa mmoja tukicheza Final Fantasy VII, lile gemu la mwaka 1997, mpaka tukamfikia bosi wa mwisho, Sephiroth. Na leo nina dukuduku.

Kwa ambao hamjacheza: huyu bwana ana pigo linaitwa Supernova. Akilianzisha unaweza kwenda kuchemsha chai. Kimondo kinatoka mbali huko, kinavunja sayari moja baada ya nyingine, kinaingia kwenye Jua, Jua linavimba, linameza Utaridi na Zuhura, halafu linakuja duniani. Karibu dakika mbili nzima! Ukirudi na kikombe chako unakuta watu wako watatu wamesimama palepale, wazima. Jamani!

Nikachukua kalamu, maana hisabati ndiyo ninayosomea kufundisha. Supernova inakata 15/16 ya uhai ulionao wakati huo. Ukiwa na 9999, ambao ndio mwisho, unabakiwa na kama 625. Akirudia, 39 hivi. Akirudia tena, 2. Sifuri haifiki ng'o! Yaani pigo linaloteketeza sayari zote haliwezi kuua mtu hata mmoja. Na ukimwaga dawa katikati, umerudi ulikoanza.

Sasa bosi huyohuyo ana pigo jingine, Heartless Angel. Linachukua sekunde chache tu, na kila mtu anabaki na uhai 1. Hapo ndipo chumba kizima kilinyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wazee walishasema.

Jamaa yangu akabisha: "Ile ni sinema, we furahia picha." Nakubali, mara ya kwanza nilikodoa macho kama wote. Lakini mara ya nne? Tena toleo la PlayStation 4 la mwaka 2015 likaja na uwezo wa kuharakisha gemu mara tatu. Mchezo ukikuomba uuharakishe, ujue kuna mahali unakula muda wako bure.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Sephiroth alinikumbusha mimi mwenyewe. Mwaka jana BTP nilipewa kidato cha pili. Siku ya kwanza nikaingia nimekunja uso, nikagonga meza, nikahutubia: atakayepiga kelele ataona cha mtema kuni! Kelele zikaja, cha mtema kuni hakikuja. Kesho yake nikahutubia tena. Kufika wiki ya tatu watoto walikuwa wananisubiri nimalize, kama sisi na Supernova. Kipindi ni dakika 40, mimi naunguza 10 kwa vitisho, na milinganyo haijaeleweka.

Darasa hilohilo alikuwa anaingia mama mmoja wa Kiswahili, mdogo wa umbo, sauti ya chini. Akiona ujinga anaandika jina kwenye kidaftari, basi. Jioni anakuita, mnaongea wawili, na kazi uliyoikwepa unaifanya mbele yake. Hakuna aliyemsubiri amalize.

Hata huku Usambara tunasimuliwa hivyo. Mbegha alikuja mwindaji tu toka Nguu, akaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mazao, na usiku mmoja Vuga akaua simba. Watu wakampa ufalme. Simulizi haisemi kwamba alitangulia kuhutubia.

Kwa hiyo watengeneza magemu, bosi awe na mbwembwe, sawa, lakini pigo lake liume kulingana na muda linaotuchukua. Na sisi walimu watarajiwa, tusitoe kitisho tusichoweza kukitimiza. BTP ijayo naingia na kidaftari.

Haya, chai imepoa. Mnasemaje wadau?