Mnyama wa Roho Si Mchezo wa Simu

Wanachuo wenzangu, ile michezo ya mtandaoni ya “mnyama wako wa roho ni yupi?” inanikera. Unajibu maswali matano, unaambiwa wewe ni dubu, unabadilisha picha ya wasifu. Basi!

Wanavajo wa Marekani, wenyewe hujiita Diné, hawana mzaha huo. Hadithi za Koyote, yule mjanja mwenye tamaa, husimuliwa majira ya baridi tu, nyoka na dubu wakiwa wamelala. Michoro ya mchanga huchorwa kwa ajili ya tiba: mgonjwa huketi juu yake, kisha mchoro hufutwa. Ndiyo, hufutwa! Sisi tungekuwa tumeshaupiga picha.

Na kondoo je? Kufuma, wanasema, walifundishwa na Mwanamke Buibui, na sufu ni ya kondoo wao. Miaka ya 1930 serikali ikapunguza mifugo yao kwa nguvu ili kuokoa udongo. Wengine walipigwa risasi wakaachwa waoze. Mmomonyoko ulikuwepo, sikatai. Lakini ofisa alihesabu vichwa tu, na aliyebaki bila kondoo alibaki pia bila sufu ya kufumia.